Asubuhi Niliyokuacha Kijitoni

La Rochelle, Johannesburg, Ijumaa alasiri

Zuhura mwanangu,

Umekwenda Mayfair kuwaaga wenzio, na mimi nimefunika cherehani, nimefunga mlango, nimekaa mezani kukuandikia. Mtu akiandika barua huanza kwa kusema yeye hajambo. Mimi sina hilo la kusema. Tangu ulipokata tiketi ya basi naogopa. Naogopa nikikoga, naogopa nikikata kitambaa, na juzi nimemshonea mteja mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, nikagundua alipokuja kulijaribu gauni lake mbele yangu.

Kesho asubuhi utapanda basi pale Park Station, upite Zimbabwe, upite Zambia, uingie Tunduma, ufike Mbeya kwa mama yako mdogo, na kutoka kwake uende chuoni kusomea madini. Njia ile naijua. Nilikuja nayo nikiwa na mimba yako. Najua watu wanavyokuwa siku ya tatu ndani ya basi, na najua foleni za mipakani, ambako mtu mwenye kofia anaishika pasi yako na kuitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kurudi nayo kuja kukuona siwezi. Karatasi zangu unazijua: nikitoka, sirudi. Kwa hiyo sijui nitakuona lini, na ukiniuliza kesho nitakudanganya kwamba karibuni tu.

Habari za kuificha pasi, kutokula vya barabarani na kutomwachia mtu begi sitaziandika hapa. Umezisikia wiki nzima, na wiki nzima umenijibu "sharp, Mama" macho yakiwa kwenye simu. Nataka kukuandikia habari ya asubuhi moja ya mwaka wa korona. Unaijua, ulikuwapo. Lakini mimi na wewe hatujawahi kuizungumza kama ilivyokuwa.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Tulikuwa tunakaa chumba hiki hiki cha nyuma, na baba yako alishahamia Durban zamani kwa mke wake mwingine. Nchi ilipofungwa, duka la Mayfair nililokuwa nashonea lilifungwa, shule yako ikafungwa, tukabaki sisi wawili humu na kitanda kimoja na dirisha linalotazama ukuta. Wiki ya kwanza ulikuwa unacheka na simu. Wiki ya pili uliacha kucheka. Baadaye uligeukia ukutani ukanyamaza kabisa. Nikikuita kula, unanijibu kwa kupandisha bega. Nilikuwa nashona barakoa za vitambaa vilivyobaki, na kila nikifika mwisho wa mshono nasimamisha mashine nisikie kama unapumua. Watu wengine walikuwa wanaogopa ugonjwa. Mimi nilikuwa naogopa ule mgongo wako.

Aliyekuamsha hakuwa mimi. Alikuwa Papa Musombwa, yule mzee Mkongo wa chumba cha pembeni ya bomba. Alikuwa mlinzi wa jengo moja Berea, na mwajiri wake alikuwa amemwambia abaki nyumbani kwa sababu ya umri. Kwao Kamituga, ujanani, alikuwa akichimba dhahabu. Asubuhi moja baada ya mvua nilimkuta amechutama bombani na karai, anazungusha maji na mchanga aliouchota kwenye mfereji wa barabarani.

"Papa, unafua nini?"

"Minafua Johannesburg, Mama Zuhura," akaniambia. "Hii muji yote ni mchanga ya mugodi. Upepo inaileta, mvua inaikusanya. Muite mutoto aone."

Nilikuita nikijua hutakuja. Lakini ulikuwa umesikia. Ulitoka umejifunika blanketi, ukasimama mbali kidogo kama tulivyofundishwa wakati ule, ukanyoosha shingo. Mzee alizungusha, akamwaga maji kidogo kidogo, mchanga mweupe ukaondoka, ukabaki mchanga mweusi umelala pembeni kama wanja. Akagonga karai kwa kidole. Kwenye ncha ya ule weusi palikuwa na kitone cha manjano, kidogo kuliko yai la chawa.

"Ni ya kweli?" ulimuuliza kwa Kiingereza. Lilikuwa neno lako la kwanza baada ya siku mbili.

"Ya kweli. Lakini haina kazi. Ni ya kuangalia tu."

Ukachutama. Ukaangalia mpaka miguu ikafa ganzi. Siku ile ulikula sahani mbili za ugali, na mimi nilikwenda chooni nikalia nikiwa nimefungua bomba usinisikie.

Waliporuhusu watu kutoka kunyoosha miguu, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, Papa Musombwa akasema kuna kijito anakijua. Unakikumbuka vizuri kuliko mimi: unapita zile taa za magari, robot ya pili, unashuka kwenye uwanja wa manispaa wenye nyasi ndefu, watu wanatembeza mbwa, na kule mbele linaonekana lile lundo la mchanga wa mgodi wa zamani, la manjano, refu kama jengo. Uwanja ulikuwa wa watu wote. Mara ya kwanza mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa na mkewe alisimama kututazama, akauliza tunafanya nini, Papa akamwonyesha karai, na yule mzee akacheka nyuma ya barakoa yake akasema hata babu yake alianza hivyo hivyo. Wakaenda zao.

Tukaenda tena, na tena. Ilikuwa mchezo wetu. Hatukuuza kitu, na hapakuwa na cha kuuza. Vitone vyote vya majuma manne vilikaa ndani ya kichupa cha dawa ya macho, na bado ulilazimika kukitikisa juani ili uvione. Kama ilikuwa ruhusa kufanya vile, sikuuliza. Papa naye hakuuliza. Niliuliza jambo moja tu, kila asubuhi: mwanangu anacheka? Ulikuwa unacheka. Ulikuwa unabishana na mzee kuhusu namna ya kuzungusha, unamwita Babu, anakuita "ingénieur", injinia wake, na ukirudi nyumbani unatafuta kwenye simu kwa nini dhahabu ni nzito, kwa nini mchanga mweusi unashikana na sumaku. Chuo unachokwenda kesho kilianzia pale.

Nikwambie jambo jingine linalonikosesha raha. Maji yale yalikuwa na rangi ya chai. Mimi niliona ni udongo. Miaka miwili baadaye mteja mmoja, nesi, aliniambia maji yanayotoka kwenye malundo yale yana uchafu wa mgodi ndani yake, si ya kuchezea. Wewe uliweka mikono humo mpaka kwenye viwiko, asubuhi baada ya asubuhi, na mimi niliyekuzaa nilisimama ukingoni nakupiga picha. Tangu aniambie, ukikohoa mara mbili mimi naamka. Ulidhani nafuatilia simu yako. Nilikuwa nasikiliza kifua.

Sasa nifike kwenye asubuhi yenyewe.

Ilikuwa mwisho wa Mei, baridi kali, nyasi zimeganda nyeupe. Mchanga wa uwanjani ulikuwa umetuchosha. Siku tatu hatukuona kitone. Wewe ulisema, kwa kunung'unika tu, kwamba vizito vitakuwa vimebaki kule juu, karibu na lundo, havijashuka mpaka huku. Papa akasema ni kweli, lakini kule hatuendi.

"Kule haiko kwetu, Mama Zuhura. Kuna waya. Na kuna wale batu ya chini, iko na bunduki."

Alikuwa anawasema zama zama, wale wanaoingia kwenye migodi iliyofungwa. Nilijua. Kila mtu wa kusini mwa jiji anajua. Lakini nilitazama uso wako ulivyoshuka, nikaona ule mgongo wa kitandani unarudi, nikasema, "Waya wenyewe umelala chini, Papa. Nusu saa tu."

Kwa miaka mitano nimekuwa nikisema kwamba nilisema vile kwa ajili yako. Ni nusu yake. Nusu ya pili ni kwamba na mimi nilitaka kuona. Mzee alikuwa ametusimulia kwamba kwao aliwahi kuona kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, na mimi usiku nilikuwa nakiona kile kipande. Sikutaka kukiuza wala kununua kitu. Nilitaka mara moja maishani kitu kikubwa kiwe kwenye mkono wangu. Mtu mzima, fundi cherehani wa Tanga, mwenye kibali kilichokwisha muda na ofisi ya kukihuisha imefungwa, nikaruka waya uliolala nikakushika mkono nikakuvusha. Papa alibaki upande wa pili akitutazama. Halafu akavuka kutufuata. Hakuwa anataka. Alikuja kwa sababu tulikwenda.

Mchanga wa kule ulikuwa mzuri kweli. Karai la kwanza tulihesabu vitone saba, ukapiga kelele mpaka ndege wakaruka. Nilitazama simu saa tatu kasoro. Nikatazama tena, ilikuwa saa tatu na dakika ishirini, na muda wetu wa kuwa nje ulikuwa umekwisha. Papa akasema twende. Ukasema, "Moja la mwisho, Babu, please." Na mimi nikasema, "Mwache amalizie."

Nilikuwa nimepanda juu kidogo kutafuta pa kujisaidia nyuma ya matete niliposikia gari. Pikapu, bila ving'ora. Kisha mbwa. Kisha mlio mmoja wa bunduki.

Baadaye tulijua ulikuwa mlio wa kutisha tu, wa kupiga hewani. Wakati ule sikujua kitu. Zuhura, sitaki kukupamba maneno: nilikimbia. Nilikuwa hatua thelathini kutoka ulipokuwa, nikiona koti lako jekundu kati ya matete, na miguu yangu ikageuka upande wa pili. Sikuwaza kibali. Sikuwaza kwamba wakinikamata mimi wewe utabaki na nani. Hayo yote niliyafikiria baadaye, nikiwa nimekaa, ninatafuta cha kujitetea nacho. Wakati ule kichwani hamkuwa na kitu, hata jina lako.

Barabara ya vumbi ilikuwa na karavati chini yake. Niliingia humo kwa magoti. Maji ya baridi yalifika mapajani. Nikasikia mbwa, nikasikia mwanaume anafoka kwa Kiingereza, na halafu nikakusikia wewe. Uliita "Mama!" mara moja. Sauti yako niliisikia vizuri kama ningekuwa nimesimama kando yako. Nikaufumba mdomo wangu kwa mkono. Mkono huu huu unaokuandikia.

Sijui nilikaa muda gani. Ulipofika wakati nikaweza kuisikia tena akili yangu, jambo la kwanza ililoniambia ni kwamba hukuita mara ya pili. Hapo ndipo nilipotoka. Nilitoka kwa sababu woga wa kutokukusikia ulikuwa mkubwa kuliko ule mwingine. Ushujaa haukuwamo. Nilitembea kuelekea kwenu kiatu kimoja kikiwa kimebaki kwenye tope.

Walikuwa walinzi wa kampuni fulani, wawili, na mbwa mmoja kwenye mnyororo. Papa Musombwa alikuwa amechuchumaa mbele yao, mikono juu, karai limejaa maji kichwani. Wakati wowote maji yakimwagika walimwambia alijaze aanze upya. Umri wa baba yangu. Magoti yake yalikuwa yanacheza kama ya mtoto anayejifunza kusimama, na maji yalikuwa yamemshukia shingoni, kwenye ile baridi. Na wewe ulikuwa umesimama kati yake na mbwa. Ulikuwa unaongea na yule mlinzi kijana kwa Kizulu, polepole, kwa heshima, unamwita bhuti, kaka, unamwambia huyu ni babu yako mzaa mama, kwamba ni mradi wa shule, kwamba hatukuuona waya. Sauti yako haikutetemeka. Mikono uliificha nyuma, na kwa nyuma niliiona ilivyokuwa.

Ukaniona. Ulinitazama toka kwenye mguu usio na kiatu mpaka usoni, na kabla hajaniuliza mtu, ukasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama, umepata gari?"

Nikajibu, "Sijapata."

Ndiyo maneno yenyewe. Ulinifungulia mlango nikaingia, na sijatoka tena mpaka leo.

Walitufoka, wakasema sisi ni wezi, tukamatwe, halafu yule kijana akamwambia mwenzake mambo ambayo sikuyafahamu, wakachukua karai, wakatuacha. Nadhani ni Kizulu chako. Tulirudi nyumbani na Papa akiwa katikati yetu. Goti moja lilikataa kabisa. Njia ya saa moja tuliikata mpaka adhuhuri, tukijificha kila gari likipita. Kwenye robot Papa aliomba kukaa, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akanitazama, akasema, "Eish, Mama Zuhura. Leo tumepona."

Jioni yake majirani walipouliza mzee ameumiaje, wewe ndiye uliyesimulia. Ulisema walinzi walitukuta, na Mama alikimbia barabarani kutafuta gari la kutusaidia. Ulisema vizuri sana. Nilikuwa nakanda ngano. Sikuinua kichwa.

Wiki ya tatu baada ya siku ile Papa Musombwa akaanza kukohoa. Alitukataza kumkaribia. Nilikuwa nampelekea chai ya tangawizi, naiweka kwenye kizingiti, narudi nyuma, yeye anafungua mlango kidogo. Siku ya mwisho kabla hawajaja kumchukua alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, anavuta hewa kama anayepanda ngazi. Nikamwambia pole. Akatikisa kichwa, akasema ana neno.

"Ile siku, mutoto alikuona."

Nikainama kuokota kikombe cha jana.

"Alikuona ukikimbia. Mbele ya wale walinzi kufika kwetu. Akaniambia, Babu, usimwambie Mama kama nilimuona. Minakuambia kwa sababu sipendi kwenda nalo. Yeye ni mutoto, mama. Ni muzigo ya mutu mukubwa."

Nilikuwa na nafasi pale. Alikuwa mtu mmoja, mlango umefunguliwa nusu, hakuna mwingine uani. Ningeweza kusema: ni kweli, Papa, nilikimbia, na wewe ukaumia goti kwa ajili yetu, nisamehe. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Hapana, Papa. Nilikwenda kutafuta gari."

Alijikokota hadi mlangoni. Kisha akasema, "Bon. Ni muzuri," akafunga mlango.

Gari la wagonjwa lilikuja kesho yake. Hakurudi. Watu walioruhusiwa mazishini walikuwa wachache, wote wa kanisa lake, na wewe ulibaki getini umeshika sweta lake lililokuwa kwangu kushonwa kiwiko. Uliniuliza, "Alisema chochote?" Nikakujibu, "Alikuaga."

Nilidhani litakwisha lenyewe. Mambo mengine huisha. Miaka miwili baadaye tulikuwa Mayfair kwenye shughuli ya akina mama, wamekaa wanasimuliana ya korona, nani alipoteza nani. Zamu ikanifikia. Sijui nilipata wapi ujasiri wa namna ile: nilisimulia kijito, nikasimulia walinzi na mbwa, na nikasimulia nilivyokimbia peku mpaka barabarani nikisimamisha magari ili nimwokoe mwanangu. Wanawake wakaniombea dua. Mmoja akalia. Wewe ulikuwa unapitisha chai. Ulisimama na sinia, nikaona umenitazama, nikajua sasa uongo wangu umefika mwisho. Wewe ukasema, "Hata kiatu kilimvuka njiani." Ukaendelea kugawa vikombe.

Pale niliogopa kuliko kwenye karavati. Nililiona jambo nililokufanyia. Nilikuwa na mtoto hodari kuliko mimi, na badala ya kumwacha awe hodari kwa mambo yake, nilimtia kazi ya kunisetiri. Umeifanya kazi hiyo miaka mitano bila kosa. Umekuwa mwepesi wa kujua mtu mzima anataka kusikia nini. Mwalimu akikasirika unajua neno la kumpoza. Mwenye nyumba akija unamjibu wewe, mimi nasimama nyuma. Watu husema nina bahati. Mimi nakuona unavyosoma nyuso, na najua ulijifunzia wapi.

Ndiyo sababu naogopa. Mipaka naiogopa, ndiyo, na magari ya usiku na mashimo utakayoshuka ukiwa mwanafunzi wa madini. Lakini zaidi naogopa kwamba huko mtu atakufanyia ubaya, bosi au mume au rafiki, na wewe utamwona waziwazi, na utamtafutia la kusema kabla hajaulizwa. Utasema alikwenda kutafuta gari. Usimfanyie mtu hivyo, mama. Hata mimi usinifanyie tena.

Na siku ukikimbia wewe, kwa maana unaweza kukimbia, miguu haimwulizi mtu, basi ukitulia urudi. Mimi nilirudi, kwa hilo sijioni haya. Aibu yangu ni kwamba niliporudi sikusema nilikotoka. Ningelisema siku ile ile, ungenikasirikia wiki, pengine mwezi, tungelia, ingekwisha. Papa angekufa akijua kwamba nilimwona akiwa na karai kichwani na kwamba kosa la kuvuka waya lilikuwa langu. Sasa hilo siwezi kumpa tena. Nilikwenda makaburini mwaka jana, hukujua. Nilisimama nikamwambia yote. Palikuwa na upepo tu, na mtu wa kukata nyasi aliyenitazama akadhani nimechanganyikiwa.

Zuhura, nilikuona. Nilikusikia uliponiita. Sikuja. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi sasa, chukua muda wako wote. Ukitaka kukasirika, kasirika nami, mimi nina nafasi ya kuibeba hasira yako. Ukitaka kuwaambia akina mama wa Mayfair, waambie. Ukitaka nikaseme mimi, Ijumaa ijayo nitakwenda.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niiweke chini kabisa kwenye begi lako, ndani ya lile shuka la kitenge, uikute ukiwa Zambia. Nimefika hapa naona nilikuwa najificha tena. Ungeisoma peke yako kwenye kiti cha basi, kati ya watu usiowajua, na mimi ningekuwa mbali, siuoni uso wako.

Geti limelia. Nakusikia unamsalimia mwenye nyumba, unamwambia ndiyo, kesho, saa mbili. Mwandiko umeharibika, samahani. Sitaandika tena. Nitakupa karatasi hizi kabla hujavua viatu, na nitavuta kiti nikae mbele yako mpaka umalize. Ukiinua macho, utanikuta.

Mama yako,
Mwanaisha